Vikombe Vitupu

Kwetu mtu akianza kujisifu, wazee hukohoa. Hawamkatizi. Wanakohoa tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwenyewe anaona haya na kuomba maji ya kunywa. Nimekulia ndani ya kikohozi hicho. Mtu akiniuliza nimefanya nini maishani, jibu langu la kwanza huwa ni kumshukuru Mungu, na la pili ni mpunga: mwaka huu magunia mangapi, mwaka jana mangapi. Mpunga unaruhusiwa. Hakuna anayekukoholea ukitaja magunia.

Kiswahili chenyewe kimetuwekea mpaka. Kujivuna ni tabia mbaya, hata mtoto anaijua. Kujivunia ni halali, ila lazima utaje kitu. Huwezi kujivunia hivi hivi ukanyamaza. Msikilizaji atangoja useme unajivunia nini. Basi nikilazimishwa kutaja, mimi nitataja vikombe vitupu.

Tangu 2004 hadi 2011 nilikuwa mkamata mbu. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga, katika bonde la mpunga kuelekea Lupiro. Masika ikikolea, maji hutanda mpaka huoni wapi shamba linakwisha na wapi mto unaanza, na mbu wanazaliana kila mahali ambapo ng'ombe amekanyaga. Kwa mtu wa mjini mbu ni kero. Kwetu walikuwa ajira.

Utafiti Ifakara haukuanza jana. Profesa Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, alifika huko 1949, na 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ambayo imekua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Kwa nini waje bondeni kwetu na si kwingine? Kwa sababu tulikuwa na malaria ya kutosha. Huko Namwawala, ng'ambo ya pili ya mto, watafiti walipima mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakakuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hao ni wenye vimelea peke yao. Wale wasiokuwa navyo hakuna mwenye muda wa kuwalalamikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa wawili kila nyumba, mmoja ndani, mmoja nje uani, na tulibadilishana. Saa moja usiku unakaa kwenye kigoda, unakunja suruali hadi magotini, unavua viatu. Mkononi una tochi na mrija wenye mpira mrefu. Mwisho wa mpira unauweka mdomoni, na katikati kuna kipande cha wavu ili usimmeze mbu. Unasikia anatua mguuni. Unawasha tochi, unamwona, unamvuta kwa pumzi kabla hajachoma, unampuliza ndani ya kikombe cha karatasi kilichofunikwa wavu. Dakika 45 unakamata, dakika 15 unapumzika. Kila saa ina kikombe chake. Hivyo mpaka alfajiri.

Tulipewa dawa za kujikinga na tulipimwa damu kila mara. Wako wanaouliza kama ni haki kumfanya binadamu chambo, na ni swali zuri. Wataalamu wa Ifakara wenyewe walijiuliza, wakabuni mtego wa hema ambao mtu analala ndani na mbu wananaswa bila kumfikia. Lakini miaka ile nilipoanza, mguu wa mtu ndio uliokuwa kipimo. Nami nilikuwa na miguu miwili na mdogo wangu wa kike aliyefaulu kwenda sekondari.

Kijijini waliniita Mlisha Mbu. Hilo lilikuwa la mzaha. Lililouma ni la mumiani. Watu waliona vikombe vinapakiwa kwenye gari asubuhi, vina mbu, na mbu wana damu. Damu ya nani? Inakwenda wapi? Bibi mmoja jirani alikataa kabisa tusikae nyumbani kwake, akamwambia mama kwamba mwanawe anauzwa kwa kijiko. Mama hakujibu. Ila alianza desturi ambayo hajaiacha: kila asubuhi nikirudi, kabla ya shikamoo haijaitikiwa vizuri, aliuliza, "Wangapi?"

Mwanzoni nilikuwa na majibu makubwa. Usiku mmoja wa Aprili 2004 nilikamata zaidi ya mia mbili kabla ya saa sita. Mguu ulikuwa kama umepakwa masizi. Nilimwambia mama idadi, akakaa kimya, kisha akasema, "Na sisi tulilala humo humo."

Alikuwa anamsema mtoto wake aliyenifuata mimi. Wakati wa kuamia ndege, familia nzima huhamia shamba la mbali, mnajenga dungu, mnalala huko miezi mpaka mpunga uvunwe. Huyo mdogo wangu alishikwa na degedege dunguni usiku, maji yamejaa, hakuna mtumbwi. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka baba akipiga debe asubuhi yake kufukuza kweleakwelea, kwa sababu kweleakwelea hawana habari na msiba. Hatukuwa na chandarua. Hakuna aliyehesabu ni mbu wangapi walikuwa dunguni usiku ule.

Vyandarua vilikuja baadaye. Kuanzia 1997 mradi ulioitwa KINET uliviuza Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, pamoja na dawa ya kuvichovya. Matokeo yalipochapishwa 2001, vyandarua vyenye dawa vilionekana kuongeza kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, mjamzito anapewa kliniki, anaongeza fedha kidogo, anachukua chandarua dukani. Halafu ikaja kampeni ya kugawa bure, kwanza kwa watoto wadogo, kisha kwa kaya nzima. Wengine walivulia dagaa, wengine walizungushia bustani, siwezi kukana. Lakini ukipita na tochi saa tano usiku, ndani ya nyumba nyingi ulikuwa unaona weupe unaning'inia juu ya vitanda.

Na vikombe vyangu vikaanza kupungua uzito.

Sikutambua mara moja. Unadhani ni kiangazi, unadhani ni mwezi mpevu. Lakini masika ya 2008 ilipita, na ya 2009, na ndani ya nyumba kuanzia saa saba usiku nilikuwa nakaa dakika zote 45 nimewasha na kuzima tochi bila kuona kitu. Nje, mapema, kati ya saa moja na saa nne, walikuwepo bado. Baadaye nilisikia wataalamu wakieleza kwamba ndivyo ilivyokuwa bonde zima: *Anopheles gambiae*, yule anayependa kuingia ndani na kumngoja mtu alale fofofo, alikuwa ametoweka karibu kabisa, na aliyebaki, *arabiensis*, anauma hata nje na hata ng'ombe akimkuta. Lakini usiku ule mimi sikuwa na maelezo hayo. Nilikuwa na kikombe kitupu na fomu inayotaka namba.

Hapa ndipo msomaji aelewe hofu yangu. Kikombe kitupu cha saa nane usiku kina maana mbili. Ya kwanza, hakuna mbu. Ya pili, mkamataji amelala. Msimamizi anayepokea vikombe asubuhi hana njia rahisi ya kutofautisha, ingawa alikuwa akija ghafla usiku kutukagua. Na kulikuwa na hofu ya tatu, kubwa kuliko hizo: mbu wakiisha, kazi inaisha. Mdogo wangu alikuwa ameingia chuo cha uuguzi Ifakara. Ada, sare, nauli ya kwenda na kurudi, na pantoni ya kuvuka mto, maana Daraja la Magufuli lenye mita 384 lilizinduliwa Mei 2018 na siku hizo tulikuwa tunangoja kivuko kama wanavyongoja mvua. Vyote hivyo vilikuwa vinatoka kwenye mguu wangu.

Mjomba wangu ndiye aliyenipa suluhisho. Alikuja kunitembelea uani usiku mmoja wa Mei 2009, akanikuta nimekaa na tochi, akavuta gogo.

"Mpwa wangu, huna kitu humo."

"Sina, mjomba."

Akaonyesha kwa kidevu. Hatua kumi kutoka pale kulikuwa na banda la mbuzi wa mwenye nyumba, na kutani mwa banda mbu wametulia, wamejaa damu. "Nenda pale. Nyonya kumi, kumi na tano. Weka kidogo cha saa nane, kidogo cha saa tisa. Mbu ana jina usoni?"

Mjomba si mtu mbaya. Ndiye aliyemlipia mdogo wangu kidato cha kwanza kwa kuuza baiskeli yake. Alichokisema kilikuwa cha mapenzi, na hesabu yake ilikuwa sahihi: hakuna ambaye angejua. Nilikwenda hata nikasimama, nikanyoosha mgongo. Mbuzi mmoja akapiga chafya.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria sayansi. Sikufikiria sayansi. Nilifikiria swali la mama la asubuhi. Angeuliza "Wangapi?", nami ningetaja wale wa mbuzi, naye angelala usiku uliofuata akiamini kwamba nyumba za watu bado zimejaa kama dungu letu lilivyokuwa. Kwake namba ile haikuwa ya taasisi. Nilikaa tena kwenye kigoda. Nikamwambia mjomba, "Mbuzi na wao wana haki ya mbu wao." Akacheka, akaondoka, na sidhani kama aliniona mwerevu.

Nikaandika sifuri. Saa nane, sifuri. Saa tisa, sifuri. Kuandika sifuri ni kazi nzito kuliko kuandika 63, na anayebisha ajaribu huku akijua posho yake inaning'inia hapo. Niliandika sifuri nyingi mwaka ule na uliofuata. Msimamizi alikuja kunikagua bila taarifa mara nne kwa mwezi mmoja, kila mara akanikuta macho, na mara ya nne alikaa chini, akakunja suruali yake, akakamata na mimi saa nzima. Tukapata mmoja.

Usiku wangu wa kazi ulipunguzwa, kisha 2011 ukakoma hapo kijijini. Wakahamia kwenye mbu wengi. Nilikuwa nimeshalijua hilo tangu kwenye kigoda. Ada ya mwaka wa mwisho ilitoka kwenye mpunga tuliouza kabla bei haijapanda, na hasara yake tuliila sisi wenyewe, ugali kwa miezi mitatu katika nyumba ya wakulima wa mchele.

Mdogo wangu alipomaliza chuo, ukoo ulichinja. Watu walisimama mmoja mmoja kumpongeza na, kama kawaida, kujipenyeza kidogo ndani ya pongezi: mimi ndiye niliyempeleka darasa la kwanza, mimi ndiye niliyempa kalamu. Wazee wakikohoa. Ilipofika zamu yangu nilisema namshukuru Mungu, nikataka kukaa. Mjomba akainuka bila kuitwa.

"Huyu," akasema, "nilimfundisha kuiba mbu wa mbuzi, akakataa."

Watu walicheka sana. Walidhani ni kichekesho, na kwa kweli ni kichekesho. Lakini niliwatazama wazee waliokaa kwenye mkeka na hakuna aliyekohoa, na mama alikuwa ameinamisha kichwa akipepeta mchele ambao ulishapepetwa.

Malaria haijaisha bondeni, nisije nikamdanganya mtu. *Anopheles funestus* amebaki, anastahimili dawa za vyandarua, na sasa ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria kwetu. Mdogo wangu yuko wodi ya watoto, na kila masika hunipigia simu usiku akiwa zamu, sauti imechoka. Ila ananiambia kuna usiku vitanda vinabaki wazi, na anapovitaja hivyo vitanda sauti yake inafanana na ya mtu anayetaja magunia.

Fomu zilikwenda Ifakara na gari. Mimi nilikuwa nanakili namba zangu kwenye daftari la shule alilolibakiza mdogo wangu, nyuma ya kurasa zake za bayolojia. Ninalo bado, limeliwa na mchwa pembeni. Ukurasa wa usiku ule wa mbuzi unasomeka: saa saba, 0, saa nane, 0, saa tisa, 0, saa kumi, 1. Huyo mmoja nilimkamata kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na asubuhi mama alipouliza, nilimwonyesha kidole kimoja.