Meno ya MC wa Moshi: Kabla Hujasema Hapigi Mswaki, Soma Hapa Kwanza

Ukipitia picha za harusi za Moshi utamkuta MC mmoja, jina kapuni, amefunga mdomo kwenye kila picha. Bibi harusi anacheka, wakwe wanacheka, mpaka mpishi anacheka, yeye kabana midomo kama kameza dawa chungu. Ukumbini ni hivyohivyo. Akitupia utani, maiki inapanda juu kidogo na kukaa usawa wa mdomo. Wengi wanajua ni swaga zake. Wadau, ile siyo swaga. Jamaa alikuwa anaficha meno.

Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, mengine yana vishimo, na yalikuwa yameisha. Siyo kuisha kwa kutania: ya juu yalibaki kama nusu ya urefu wake, utadhani ya mzee wa miaka 70, na mwenyewe hata 30 hajafika.

Mtandaoni huruma hakuna. Video yake ikipostiwa, wa kwanza anamsifia kwamba kaua, wa pili anauliza kama kwao dawa ya meno haijafika. Wengine wakasema sigara, wengine mirungi. Ukweli ni kwamba havuti, hatafuni mirungi, na mswaki alikuwa anapiga mara tatu kwa siku.

Kilichomuuma zaidi siyo komenti. Ni kikao cha kamati ya harusi moja ya watu wenye uwezo, wale wa kupanda kutoka Dar mwezi wa 12. Alikuwa ameshapitishwa. Halafu mjumbe mmoja akasema video ya harusi inakaa milele na yale meno yatawaharibia. Kazi akapewa mwingine. Habari hizo alizipata kwa rafiki yake aliyekuwa kwenye kamati hiyohiyo.

Hapo ndipo alipoanza kujitibu mwenyewe. Alisaga mkaa akawa anasugulia asubuhi na jioni. Kuna video moja aliona inasema limao na chumvi vinang'arisha meno ndani ya wiki, akafanya mwezi mzima. Akanunua mswaki mgumu kuliko yote dukani. Matokeo yake meno hayakuwa meupe, yalizidi kuwa mafupi, na maji ya baridi yakawa hayanyweki kwa ganzi.

Alipofika kwa daktari wa meno alitegemea kuulizwa anapiga mswaki mara ngapi. Akaulizwa swali tofauti kabisa: mpaka unafika miaka 8 ulikuwa unaishi wapi, ulikuwa unakunywa maji gani, na kwenu mlikuwa mnapikia magadi?

Majibu yalikuwepo. Miaka ya mwanzo aliishi na wazazi tambarare, wilaya ya Hai, wakinywa maji ya kisima. Baadaye akapelekwa kwa bibi yake Uru, huko juu kwenye migomba, akakulia hapo. Na magadi? Kiburu bila magadi kwa bibi yake hakikuwa kiburu.

Daktari akamweleza taratibu. Jino linajengwa ndani ya fizi miaka mingi kabla hujaliona. Meno ya mbele ya ukubwani yanaanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache tu, na karibu meno yote ya ukubwani yanakuwa yamemaliza kujenga gamba lake la nje, enameli, kufikia kama miaka 8. Mtoto akipata madini mengi ya floraidi kipindi hicho, enameli haikazi vizuri. Inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino likitoka lina mabaka meupe kama chaki. Kadiri miaka inavyokwenda linashika rangi, linakuwa la njano na baadaye kahawia. Hali ikiwa kali, enameli inamong'onyoka vipande na kuacha vishimo. Ikishatoka inabaki dentini, ile sehemu ya ndani, ambayo ni laini. Hapo jino linalika haraka.

Kwa hiyo ule ukahawia haukuwa uchafu. Ulikuwa ndani ya jino lenyewe, na uliingia kabla hajajua hata kushika mswaki.

Lakini kuisha kwa meno yake kulikuwa na mikono mingine pia. MC anafanya kazi mpaka saa 9 usiku, na ili asilale alikuwa anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, makopo mawili matatu kwa usiku mmoja. Vile vina asidi kama soda, na asidi inalainisha enameli. Limao nalo ni asidi tupu. Sasa chukua jino lililolainika, lisugue na mkaa na mswaki mgumu. Ni kama kupiga msasa ukuta uliolowa. Halafu mke wake ndiye aliyetoa siri ya mwisho: jamaa akilala anasaga meno, chumba kizima kinasikia.

Sasa watu wa Kilimanjaro, sikilizeni. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano. Miamba na majivu yake vina floraidi, na maji yakipita humo yanaibeba. Siyo maji yote. Chemchemi nyingi za juu kule msituni zina floraidi kidogo, ila visima na mito ya tambarare vinaweza kuwa na nyingi. Ukitoka Moshi kwenda Arusha unapita Maji ya Chai, na watu wa ukanda huo wanajulikana kwa meno ya kahawia tangu zamani. Jirani na hapo, Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, ambako wametengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maeneo hayo yaliyozidi haiishii kwenye meno tu, kuna watoto mifupa ya miguu imepinda.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, kwa sababu kwenye vijiji vingi maji mengine hayakuwepo, ndipo baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5.

Halafu kuna magadi, na hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Yale mabonge ya kijivu yanayouzwa sokoni, ya kulainishia maharage na makande, yanatoka kwenye maziwa na ardhi yenye chumvichumvi kama Ziwa Natron. Yanaokoa kuni na chakula kinakuwa laini, hilo halina ubishi. Ila mengi yana floraidi, na mengine ina nyingi sana. Ndiyo maana unakuta familia inakunywa maji safi ya chemchemi na watoto bado wanatoka na meno yenye mabaka. Mwaka 2000 watafiti wa Norway na Tanzania walichapisha utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi, ukahusisha magadi na chakula cha watoto wanaolikizwa na meno ya namna hii.

Yule MC ana mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, aliyezaliwa Dar baada ya wazazi kuhama. Meno meupe kama nazi. Miaka yote ndugu walikuwa wanasema mdogo ndiye msafi.

Desemba iliyofuata akapanda Uru. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, karibu kiti. Jikoni kiburu kinachemka, na pembeni mtoto wa dada yake, miaka miwili, amepakuliwa kibakuli chake anasubiri kipoe. Jamaa akauliza kama humo kuna magadi.

"Sasa kiburu gani hicho bila magadi?" bibi akamjibu. "Mama yako nimemlea na hayahaya. Wewe nimekulea na hayahaya, na leo si unatembea na gari?"

Kumbishia bibi wa Kichaga jikoni kwake siyo kazi ndogo. Hakubisha. Alitoa simu, akamwonyesha picha yake na mdogo wake wamesimama pamoja. Akamwambia, bibi, huyu hajala magadi utotoni, mimi nimekula. Bibi akaangalia ile picha, akaivuta karibu, akaangalia tena. Na yeye meno yake ya mbele ni ya kahawia na yamelika. Siku zote anasema ndiyo meno ya kwao.

Hakusema kitu siku hiyo. Kesho yake jioni akaonekana analoweka maharage kwenye sufuria. "Ya mtoto nitampikia peke yake," akasema. "Yangu niachieni magadi yangu. Mimi meno yalishaumbwa."

Bibi kapiga penyewe. Mtu mzima meno yake yameshajengwa, hayawezi kuingia ugonjwa ule upya, ingawa mifupa bado inaweza kuumia kwa floraidi ikizidi miaka na miaka. Anayepoteza ni mtoto.

Kuhusu matibabu, wengi wanauliza kama meno ya hivi yanasafishika. Inategemea. Kama ni madoa ya juujuu, daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba sana kwa dawa maalum au kuyang'arisha. Kama kuna vishimo, anajazia kwa kompoziti, ule ujazo wenye rangi ya jino, au anaweka vigamba vya mbele. Kama jino limeisha sana, kuna kofia za meno, ila hizo mara nyingi jino linachongwa kwanza, na likishachongwa halirudi. Kwa umri wa MC, daktari aliona bora kuongeza kuliko kupunguza. Akayajenga meno sita ya mbele ya juu kwa kompoziti, akarekebisha na ya nyuma ili yakutane sawasawa, na akampa kifaa cha kuvaa usiku ili asisage kazi yote ikaisha. Alilipa kidogokidogo, miezi kadhaa. Kompoziti siyo ya milele, inaweza kumeguka na itahitaji kurudiwa, kwa hiyo mambo ya kufungua soda kwa meno ameacha.

Ya kuondoka nayo ni haya:

- Mkaa, majivu na limao kwenye meno, acha. Tumia mswaki laini.
- Ukinywa soda au kinywaji cha nguvu, suuza na maji, subiri kama saa moja ndipo upige mswaki.
- Kuchemsha maji hakutoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri yana kidogo sana.
- Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Maharage loweka usiku kucha, yataiva.
- Usikimbie dawa ya meno yenye floraidi, inazuia meno kutoboka. Ila mtoto chini ya miaka 3 muwekee kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 mpaka 6 kiasi cha punde ya njegere, na afundishwe kutema.
- Matibabu fuata kwa daktari. KCMC ipo, Mawenzi ipo. Mtu akitaka kukubandikia meno saluni, toka mbio.

MC sasa hivi kalenda yake ya Desemba imejaa. Kile kibakuli cha Uru hakina magadi, angalau siku ambazo kuna mtu wa kuangalia.

Watu wa Rombo, Hai, Siha, Machame, Kibosho: kwenu bado mnapikia watoto magadi? Tiririka hapo chini. Na ile komenti ya "kapige mswaki" ukiiona kwenye picha ya mtu wa huku, mtumie haya asome.