Mguu wa Baba Mkubwa

Najua wengine mlitegemea niendelee na siasa, lakini wiki hii niko nyumbani Kamachumu na kichwani nina kitu kimoja tu: miguu. Naam, miguu. Tuvumiliane.

Kwa wasiopafahamu, Kamachumu ni huku juu wilayani Muleba, mkoani Kagera. Ukitoka Bukoba unafika Muhutwe, halafu unaanza kupanda. Ni kahawa na migomba, na popote unapokwenda kuna kilima cha kupanda au cha kushuka. Mzee wa huku akilalamika mguu unauma, jibu liko tayari: uzee huo, au baridi.

Baba mkubwa aliambiwa hivyo kwa miaka miwili. Akipanda kutoka kibanjani, baada ya mwendo mfupi nyama za nyuma ya mguu zinakaza kama zimefungwa kamba, anasimama. Dakika mbili tatu maumivu yanakwisha, anaendelea. Kwa vile ni mtu wa kujisikia, hakutaka aonekane kachoka, basi kila aliposimama alijifanya anakagua migomba ya watu kama ina mnyauko. Wajerumani dalili hii huiita ugonjwa wa kutazama madirisha ya maduka, kwa sababu wagonjwa wao wa mjini husimama wakijifanya wanaangalia bidhaa. Sisi tuna migomba.

Maelezo yake si magumu. Ateri, mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini, hujaa mafuta kwa ndani na kuwa myembamba. Misuli ya mguu ikifanya kazi inadai damu zaidi, damu haifiki, ndiyo hayo maumivu. Wachochezi wakubwa ni sigara, kisukari, presha, lehemu na umri. Na tuache kudanganyana kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2010 watu milioni 202 duniani walikuwa nao, karibu 7 katika kila 10 wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mzee alivuta sigara tangu ujana. Kisukari alikuwa nacho bila kujua, na kisukari kina hila moja mbaya: kinaua hisia za nyayo. Katambuga ikamchubua kidole gumba, hakusikia. Kikawa kidonda. Kikapakwa dawa za majani, kisha zahanati moja wakakisafisha na kumpa vidonge, akarudi mara tatu. Hakuna aliyemshika mguu kutafuta mapigo ya damu. Kidole kilipogeuka cheusi ndipo alipofikishwa hospitali, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Jamani, kutafuta mapigo hakugharimu hata senti! Vidole viwili juu ya mguu, halafu nyuma ya kifundo upande wa ndani. Sawa, si kipimo cha mwisho, wapo watu wazima wa afya ambao mapigo ya pale juu hayapatikani. Kipimo chenyewe hulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Ikipungua chini ya 0.9, kuna tatizo. Lakini vidole viwili vingetosha kumshtua mtu. Akigundulika mapema anaacha sigara, anapewa aspirini na dawa ya lehemu, sukari na presha zinadhibitiwa, na anaambiwa atembee mpaka mguu uume, apumzike, atembee tena. Upasuaji wa kuzibua mishipa ni habari ya Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Wala si kwamba nchi haina wajuzi. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake tangu miaka ya 2000 wamefundisha madaktari na wauguzi wa mikoani namna ya kutunza miguu ya wenye kisukari. Na Kagera hii ndiyo iliyogundua wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983, enzi hizo watu wakiuita Juliana. Baadaye yakaja magari ya miradi, semina, mabango, na vijijini watu wakajifunza kupima. Mguu uliooza hauambukizi, kwa hiyo haumtishi mtu wa mbali. Sijawahi kuona bango lake hata moja kati ya Muhutwe na hapa.

Sasa hofu yetu ni mguu uliobaki, maana aliyekatwa mmoja kwa sababu hii yuko hatarini kupoteza na wa pili. Jana jioni nilimpapasa. Nyuma ya kifundo nilipata mapigo, dhaifu lakini yapo. Juu ya mguu nilitafuta mpaka akaanza kunicheka, akauliza kama gazetini wameniachisha kazi nikawa daktari. Sigara ameacha, anasema. Mama mkubwa anasema hajaacha. Jumatatu ana kliniki ya kisukari, na kijana wa bodaboda anataka nauli ya watu wawili, kwa sababu lazima mtu akae nyuma yake kumshikilia.