Je, mchungaji huitwa au husomeshwa?

Taja elimu ya mchungaji katika nyumba nyingi za hapa jijini uone jinsi watu watakavyokunja nyuso. Mzazi yuko radhi kuuza ng'ombe ili mwanawe asomee udaktari au uhandisi. Lakini akiombwa karo ya chuo cha theolojia, huuliza kama siku hizi Roho Mtakatifu naye anadai karo!

Kwetu suala hili lilibisha hodi wakati mdogo wangu wa mwisho alipomaliza kidato cha nne. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alishikilia kuwa mchungaji huitwa na Mungu, hasomeshwi. Mama akamjibu, "Mzee, hata daktari huitwa, lakini wewe hukubali kudungwa sindano na mtu asiyesoma." Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nilianza kuchunguza jinsi wengine walivyolitatua jambo hili. Walionivutia zaidi ni Wamenoni.

Hawa wameitwa kwa jina la Menno Simons, kasisi Mkatoliki wa Uholanzi aliyetawazwa mwaka wa 1524. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipoanza kazi hiyo hakuwa amewahi kuisoma Biblia, kwa kuogopa kwamba ingempotosha! Alipoisoma, mambo yalibadilika, na mwaka wa 1536 akaacha ukasisi.

Wamenoni wa Lancaster, Pennsylvania, kwa miaka mingi walichagua viongozi wao kwa kura. Vitabu vilipangwa mezani, kimoja kikiwa kimefichwa karatasi ndani. Aliyekiokota ndiye aliyekuwa mchungaji, na kesho yake alirudi shambani kwake kama kawaida. Ndiko walikotoka wamishenari waliofika Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu kule Migori, mwaka wa 1934. Mwaka wa 1967 kanisa hilo la Tanzania lilimpata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare.

Hata hivyo, Wamenoni wa Marekani hawakubaki na kura pekee. Seminari ilifunguliwa Goshen, Indiana, mwaka wa 1946, na nyingine Harrisonburg, Virginia, mwaka wa 1965.

Lakini mfano ulionigusa zaidi uko kwa jirani zetu Waethiopia. Mwaka wa 1982 serikali ya Derg ililifunga kanisa la Kimenoni la Meserete Kristos na kuwatia viongozi wake gerezani. Waumini wakati huo walikuwa kama 5,000. Walianza kukutana majumbani kwa siri, makundi madogo madogo. Derg ilipoanguka mwaka wa 1991, walikuwa wamepita 30,000.

"Unaona!" Baba alisema nilipomsimulia. "Wamekua bila chuo." Ni kweli. Lakini kanisa hilohilo, lilipopata uhuru, halikukaa miaka mingi kabla ya kuanzisha chuo chake mwaka wa 1994. Watu walikuwa wamekuja kwa maelfu, nao walihitaji kulelewa na kufundishwa. Imani iliwaleta, lakini kuwatunza ni kazi inayohitaji maarifa.

Ushauri wangu nyumbani ulikuwa huu: kijana afundishe shule ya Jumapili kwa mwaka mzima, waumini wampime. Wakiridhika naye, kanisa lichange nusu ya karo na sisi tutoe nusu. Baba hajakubali wala kukataa, ila juzi aliuliza muhula mmoja ni pesa ngapi.

Wewe msomaji, yule anayekuozeshea binti, anayemzika mzazi wako na kukupatanisha na mumeo au mkeo, alifunzwa na nani? Na je, ni nani aliyempima kabla ya kumkabidhi kundi? Maswali yote mawili yana uzito sawa. Kanisa linalouliza moja na kulisahau la pili linatembea kwa mguu mmoja.