Deni la Dola, Mshahara wa Faranga

Kanisani kwetu Kambove, huku Katanga, ushuhuda wa deni una mwendo wake unaojulikana. Mtu anasimama, anapaza "Bwana asifiwe", anaeleza jinsi wadai walivyokuwa wakimgongea mlango alfajiri, kisha ndugu aliyeko Lubumbashi au Afrika Kusini anatuma pesa ambayo hakuna aliyeitarajia, na deni linafutika siku hiyo hiyo. Tunapiga vigelegele, tunaimba. Nami nimewapigia wengi vigelegele hivyo, wala siwabezi. Ila ndugu wa namna hiyo sikuwa naye. Deni langu liliondolewa na kaye, yaani daftari la shule, kalamu ya biki, na ugomvi mwingi nyumbani. Ushuhuda kama huo ukiutoa mbele ya madhabahu, watu wanaanza kutazama saa. Ndiyo maana nimeona niuandike.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na bwana yangu ni mchimbaji. Nyumbani kulikuwa na mishahara miwili, basi: mmoja mdogo unaokuja kila mwezi, mwingine unaokuja ukipenda. Nimezaliwa hapa hapa, katika nyumba za kambi ya wafanyakazi, na sielewi deni langu bila kurudi kwenye kambi hiyo.

Mji wetu ni mtoto wa shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove 1913, na tangu hapo maisha ya watu yalipangwa na kampuni. Mfanyakazi alipewa nyumba. Alipewa posho ya unga, samaki na mafuta kwa kadiri ya ukubwa wa familia yake. Watoto wake walisoma shule ya kampuni na kutibiwa hospitali ya kampuni. Mwaka 1967 Mobutu alitaifisha mali hiyo, kampuni ikawa ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi zikabaki zile zile. Wazee walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya familia hizi, na jina la kitabu hicho linawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mimi naongeza neno moja tu: baba huyo ndiye aliyekuwa akishika hesabu ya nyumba. Mama yangu hakuwa na haja ya kujua mwezi mmoja unakula unga wa pesa ngapi, kwa kuwa unga ulimfikia ukiwa umekwisha kupimwa na karani. Alijua kupika, kulima, kushona na kutunza wagonjwa. Kugawa pesa katika siku thelathini hakufundishwa na mtu.

Kisha baba huyo, kampuni, akaanguka. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990. Shaba ya Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilipita tani 400,000 kwa mwaka, ilishuka hadi kama tani 30,000 mwaka 1994. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni nzima waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja na pesa zake za mkupuo. Katika mitaa yetu nilimwona mtu akirudi nyumbani na redio mpya na magodoro, na jioni ile ile wadai wamepanga foleni uani. Watu waliokuwa wakipewa unga kwa mizani walikabidhiwa dola mkononi siku moja. Sioni ajabu kwamba zilikwisha upesi. Ajabu ni kwamba bado tunawacheka.

Sasa deni langu. Mwanzoni mwa 2023 mtoto wetu wa pili aliugua, akalazwa, na zahanati ilitaka malipo kabla ya kumruhusu atoke. Nilikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, huyu tunayemwita Banque Lambert, ingawa hana jengo wala kibao. Ana kiti cha plastiki, daftari na kumbukumbu kali. Alinipa dola 100. Riba ilikuwa dola 50 kila mwezi, na dhamana ilikuwa karte yangu ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mwezi ukifika, tulikwenda pamoja Likasi, kilomita kama 25, mimi nikakaa nje naye akaingia kutoa. Alikata chake, akanipa kilichobaki, na nauli ya kurudi nikajilipia.

Mshahara wangu ulikuwa kama faranga 300,000. Mtu atauliza kwa nini sikulipa dola 150 mwezi wa kwanza nikamalizana naye. Kwa sababu dola 150 zilikuwa mshahara mzima na zaidi, na watoto hula kila siku. Nikalipa riba peke yake. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Zamani wazazi wa wanafunzi walikuwa wakituchangia kitu kidogo cha kujazia mshahara, lakini tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019 mchango huo haupo. Kama mama nafurahi, maana watoto wengi waliingia darasani. Kama mwenye deni, nilibaki na mshahara mtupu.

Jambo lililoniamsha lilianzia kwa kambiste, mbadilisha fedha. Nilikuwa nimekaa karibu na kibanda chake sokoni, namsubiri mtu, na yule kijana anapanga mafurushi ya noti huku akitaja bei ya siku. Siku niliyokopa, dola ilikuwa faranga 2,100. Sasa, katikati ya 2024, anasema 2,800. Nilitoa kaye ya mazoezi niliyokuwa nimeibeba kutoka shuleni, nikapiga hesabu kwenye ukurasa wake wa nyuma. Riba ya dola 50 iliyokuwa ikinila faranga 105,000 sasa ilikuwa ikinila 140,000. Sikuwa nimekopa hata senti ya ziada. Mkopeshaji hakuwa ameongeza chochote. Deni lilikuwa limepanda lenyewe, kwa sababu nilidaiwa kwa dola na kulipwa kwa faranga, na kati ya hizo mbili mimi ndiye niliyebeba mteremko wote. Nikajumlisha na nilichokwisha kulipa: zaidi ya dola 700, na zile 100 za mwanzo zipo pale pale, hazijaguswa.

Kaye ile haikurudi shuleni. Jioni hiyo nilipiga mistari: tarehe, kitu, faranga, na safu nyembamba ya nani ametumia. Ukurasa wa kwanza ninao bado, na una doa la mafuta. Unasomeka hivi: unga meka moja (kile kipimo cha sokoni), makala (mkaa) kifuko, mafuta kifuko, kapenta, chumvi, mikate ya asubuhi, inité (salio) ya simu, kilio cha jirani, pikipiki. Hakuna anasa hapo. Nilikuwa nimetegemea kukuta mahali pa kukata, nikakuta maisha ya watu maskini yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Lakini kurasa zikijaa, vitu vinaanza kusema. Mafuta, kwa mfano. Kila jioni tulinunua kifuko kimoja cha faranga 500, kile cha plastiki kilichofungwa fundo. Siku moja nilinunua vitano kwa mpigo, nikavimimina kwenye chupa tupu ya lita. Havikufika theluthi. Faranga 2,500 zimekwenda, na lita nzima dukani ilikuwa 5,000. Makala ni hivyo hivyo, unga ndiyo usiseme. Tulikuwa tukilipa zaidi kuliko tajiri wa mjini kwa bukari, yaani ugali, ile ile, kwa sababu yeye ananunua mfuko na sisi tunanunua meka. Anayewaambia maskini wanunue kwa jumla bila kuwaambia pesa ya jumla itoke wapi, huyo hajawahi kuwa na mdai anayeshika karte yake.

Safu ya nani ametumia ndiyo iliyoleta vita. Bwana yangu aliiona akanyamaza siku mbili, kisha akauliza, "Sasa umekuwa karani wa mgodi? Unaniandikia ripoti?" Nilimwambia nami nimeandikwa humo, atazame. Akatazama. Alikuta inité zangu za simu zimefika kiasi ambacho hata mimi niliona haya kukisoma mbele yake, akacheka sana, na baada ya kicheko hicho akakubali kutaja vyake. Zile bia za Simba za Jumamosi ziliingia kwenye kaye. Sikumwomba aache. Nilimwomba azitaje tu, na akitaja mwenyewe, zinapungua. Sijui kwa nini, ila kurasa zinaonyesha. Pesa yake, ambayo inakuja kwa vishindo negosia, mnunuzi wa madini, akilipa vizuri, tulikubaliana isiingie katika chakula cha kila siku. Hiyo ndiyo ikawa ya mfuko wa unga na dumu la mafuta.

Kilichobaki kilikuwa Lambert, na hapo kubana matumizi hakukutosha. Hesabu ilikuwa wazi: nikikamua nyumba mpaka mwisho, nabakiza labda 30,000 kwa mwezi, na riba inataka 140,000. Kwa mwendo huo ningezeeka naye. Nilihitaji pesa nyingi kwa siku moja, zisizo na riba, na katika mji wetu zinapatikana mahali pamoja tu: likelemba, mchango wa kupokezana. Shuleni tulikuwa walimu kumi na wawili tunaochanga 30,000 kila mshahara, mmoja anachukua zote 360,000. Zamu yangu ilikuwa mbali. Niliwapelekea wenzangu kaye, nikaifungua mezani wakati wa mapumziko, nikawaonyesha ukurasa wa riba. Nilikuwa nimejiandaa kuaibika. Wanne kati yao waliguna kwa namna niliyoitambua: nao walikuwa na karte zao kwenye mifuko ya watu. Mwenye zamu, mama mmoja anayefundisha darasa la tano, alisema, "Chukua. Ila wa mwisho kuacha kulipa uwe wewe, hata ukifa."

Nilikwenda kwa mkopeshaji pamoja na chefu wa mtaa, mchana, si jioni. Nilitaka mtu wa kushuhudia, na nilitaka bei ya dola itajwe hadharani. Tulibishana mpaka kivuli cha mwembe kikatuhama. Alitaka 150. Nilimwonyesha jumla ya alichokwisha kupokea, tarehe kwa tarehe, na nadhani kilichomlegeza si huruma bali ni kuona mtu mwingine naye ana daftari. Tukakubaliana dola 125 kwa 2,800, yaani faranga 350,000. Akatia sahihi, chefu akatia sahihi, karte yangu ikatoka kwenye bahasha ya rangi ya kaki iliyokuwa na nyingine nyingi. Kesho yake nilibadilisha namba ya siri.

Mwezi uliofuata nilitoa zile 30,000 za likelemba tu, bila 140,000 za riba. Pesa hiyo ya riba ndiyo iliyolipa madeni mengine. La duka la jirani lilikuwa bila riba, nikaliacha la mwisho, na mwenye duka nilimweleza waziwazi kwamba nimemweka wa mwisho, alikasirika, akapoa. Ada ya sekondari ya mtoto wetu mkubwa ililipwa kwa vipande.

Michango ndiyo iliyonigharimu kwa njia nyingine. Kwa kilio, harusi na ukumbi wa kanisa niliweka kiasi kimoja kwa mwezi, kikiisha kimeisha. Yaya yangu alikuja na kamati ya harusi ya mtoto wake. Sehemu yangu ilikuwa dola 50. Nilimpokea kwa heshima, nikampa kiti na maji, nikamwambia, "Yaya, nina elfu ishirini, na nitakuja kupika siku mbili." Alinitazama. "Mwalimu wa serikali, mdogo wangu, unaniletea elfu ishirini?" Nilipika siku mbili. Kwenye picha za ukumbini simo, na alikaa muda mrefu bila kupita kwangu. Siku hizi anapita, lakini habari za pesa hatuzungumzi. Wanaotoa ushuhuda huwa hawataji sehemu hii, nami naona ni heri ijulikane kabla mtu hajanunua kaye.

Mwaka 2024 huo huo ukame uliikumba Zambia, ambako mahindi yetu mengi hutoka kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na unga ukapanda mpaka nyumba nyingi zikachanganya bukari na mihogo. Nasi tulichanganya. Bila kaye tungekopa. Kaye ilituonyesha wiki mbili mapema kwamba mfuko hautafika mwisho wa mwezi.

Likelemba nilimaliza kuilipa bila kukosa hata zamu moja, na deni la duka likafuata. Kisha, kuelekea mwisho wa 2025, likatokea jambo ambalo hakuna mtu wa hapa aliyelizoea: faranga ilipanda. Dola iliyokuwa imekaribia 2,900 ikashuka chini ya 2,400 ndani ya muda mfupi. Waliokuwa na madeni ya dola walishangilia. Mimi, ambaye nilikuwa nimejifunza kuogopa faranga na kuweka akiba yangu ya kununulia mabati kwa dola, nilipoteza, na bei za sokoni hazikushuka kwa kasi ile ile. Katika likelemba tumebishana sana juu ya hilo. Wenzangu vijana wanataka tuchange kwa dola, mama wa darasa la tano hataki kusikia. Nimepiga kura upande wake: tunalipwa faranga, tuchange faranga. Akiba ya mabati nimeigawa nusu kwa nusu, na bwana yangu, ambaye sasa ndiye anayeniuliza kama nimeandika, anasema nyumba hii imepata hazina mbili na bati bado hatujanunua.