Miche ya Shilingi Kumi Kando ya Mau

Mvua ya Kericho ina saa zake. Asubuhi jua huwaka juu ya chai na kila kitu kinang'aa kijani. Ikifika saa nane mchana, mawingu yanateremka kutoka Mau, na kabla hujamaliza kikombe mabati yanalia. Wengi huja huku kwa ajili ya hiyo chai. Mimi nilikuja kutafuta msitu unaoilea.

Nilianzia Chagaik, kama kilomita 8 kutoka mjini, ukishika barabara ya Nakuru. Ni bustani ya miti iliyopandwa na mkulima wa chai, Tom Grumbley, baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Kuna bwawa lenye mayungiyungi, mianzi minene, na mbega juu ya matawi, mikia yao myeupe ikining'inia kama taulo zilizoanikwa. Nilikaa pale saa nzima bila kuona haja ya kuondoka. Lakini hiyo ni bustani, na bustani ina mwenyewe wa kuipalilia. Msitu wenyewe uko mbele.

Mau ndio msitu mkubwa kuliko yote ya asili ya milimani Afrika Mashariki, kama hekta 400,000 kwa jumla. Mito ya Itare na Kiptiget hutoka humu, ikaingia Mto Sondu na kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kabla ya kufika Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, Mto Nyangores huporomoka Tenwek, kisha huungana na Amala kuwa Mara, ule mto ambao nyumbu huuvuka mbele ya kamera za dunia nzima. Nyumbu wale wanakunywa maji ya Mau.

Hata miji ya Bomet imezaliwa na miti. Silibwet, mmoja wa miji hiyo, ni jina la mti kwa Kipsigis. Askari wa msitu aliyenitembeza, mzee wa makamo mwenye koti la mvua lililofifia, alinionyesha mti wa tendwet, ambao gome lake husafirishwa ng'ambo kutengenezwa dawa ya tezi dume. Alichuma jani moja, akalisugua kiganjani na kuniletea puani. Harufu ya lozi! Shina lililokuwa mbele yetu lilikuwa limebanduliwa gome upande mmoja, na jeraha lile lilikuwa limekauka likawa jeusi. "Ukilizungushia kisu, mti unakufa," alisema. Hakuongeza neno.

Mau imejeruhiwa hivyo hivyo. Mwaka 2001 serikali ilimega sehemu kubwa za msitu kwa makazi, na mvutano wa ardhi hiyo haujaisha. Mkanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 kuzuia watu wasiingie msituni, bado unazunguka sehemu za msitu. Ninaupenda mpango huo: safari hii chai imepewa kazi ya kuulinda msitu badala ya kuusogeza nyuma.

Hata watoto wanaweza kuulinda msitu. Mwaka 1987, katika shule ndogo ya mashambani nchini Sweden, wanafunzi wa mwalimu Eha Kern walisikia kwamba misitu ya Kosta Rika inakatwa. Mvulana wa miaka 9, Roland Tiensuu, akauliza wao wafanye nini. Wakachangisha. Fedha za kwanza zilinunua hekta chache tu, kisha watoto wa nchi 44 wakaunga mkono, na leo Msitu wa Milele wa Watoto una zaidi ya hekta 22,000. Mau haiuzwi, ni mali ya umma, na ndiyo maana mchango wa mtoto wa hapa lazima uwe wa namna nyingine. Kenya haikuanza leo: vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vilianza mwaka 1968.

Nilifika katika shule moja ya msingi ng'ambo ya mkanda wa chai. "Chamgei," niliwasalimu watoto. "Chamgei mising," wakajibu wote kwa pamoja. Klabu yao ya mazingira ina kitalu nyuma ya jiko: miche ya tendwet na silibwet kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Wazazi hununua mche kwa shilingi 10. Fedha hununua pakiti nyingine na mbegu. Miche isiyouzwa hupelekwa pembezoni mwa msitu msimu wa mvua. Msichana mmoja wa darasa la tano alinionyesha mche wake, urefu wa kidole cha shahada, majani manne. Alikuwa akiyahesabu kila siku.

Ikafika saa nane. Wingu likaja, na punje za kwanza za mvua ya mawe zikagonga paa. Hakuna aliyepiga kengele. Watoto walitoka madarasani mbio, mabegi vichwani, wakashika wavu kila mmoja upande wake na kukifunika kitalu, wakaukanyaga kwenye pembe mpaka mawe yakakoma.