Sinema Melini, Kati ya Bukavu na Goma

Mtu asafiriye kwa meli toka Bukavu kwenda Goma hawezi kujificha. Ndani ya gari waweza kusinzia, au kujifanya umesinzia. Melini saa ni nyingi, viti vinatazamana, na kabla kisiwa cha Idjwi hakijatoweka machoni, jirani yako amekwisha kukuuliza una watoto wangapi, na kwa nini si zaidi.

Safari ninayoisimulia ni ya mwezi wa Agosti 2019, miaka kadhaa kabla ya vita vilivyoingia katika miji hiyo miwili mwanzoni mwa mwaka 2025. Tulikuwa wawili, baba yangu na mimi. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi Goma, na huko alikuwa amepata mchumba. Basi tulikwenda kujionyesha kwa wakwe mara ya kwanza na kusikia hesabu ya ng'ombe. Baba alikuwa na miaka 72. Alivaa koti lake la harusi, lililokuwa na umri kunizidi mimi, na kiunoni, kama siku zote, alining'iniza ufunguo wa kabati la nyumbani.

Ufunguo huo nitaueleza mapema, kwa sababu ndio uliotutia mashakani. Kwetu sukari, chai, sabuni na mafuta vilikaa ndani ya kabati moja la mbao nyekundu, na hakuna aliyelifungua ila baba. Tulipokuwa wadogo tulimwona baba akipima sukari kwa kijiko kama mganga apimavyo dawa. Mama alipofariki, mwaka 2008, tulidhani ufunguo ungehamia kwa dada yetu mkubwa. Haukuhama.

Mwaka ule ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeingia Goma mwezi wa Julai, kwa hiyo bandarini watu walinawa mikono kwa maji yenye dawa, na kijana mmoja mwenye koti jeupe alielekeza kipimo cha homa kwenye paji la uso la kila msafiri. Kipimo hicho kina umbo la bastola. Zamu ya baba ilipofika, aliinua mikono yote miwili juu.

«Mzee, shusha mikono,» kijana akamwambia.

«Mwanangu,» baba akajibu, «nimeziona sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Asiyeinua mikono hafiki mwisho wa hadithi.»

Foleni nzima ilicheka. Aliyecheka kupita wote ni mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma yetu, amevaa vikwembe vya maua ya manjano na kubeba kikapu cha machungwa. Baadaye alikuja kuketi mkabala nasi, akaweka kikapu katikati, akasema, «Mzee wa sinema, kula chungwa.» Baba akala.

Meli iling'oa nanga. Bukavu ikionekana toka majini ni mji wa kupendeza. Rasi zake tano zimeingia ziwani kama vidole vya mtu anayenawa mkono, na nyumba zimepanda mlimani moja juu ya nyingine. Tuliwakuta wavuvi wakirudi toka kazi ya usiku, na mitumbwi yao imeshikanishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu iliyojitokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi. Wavuvi hao hutafuta sambaza. Vijana wengi hawajui kwamba samaki huyo mdogo, ambaye leo hakuna sahani ya Bukavu isiyomjua, si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa toka Ziwa Tanganyika yapata mwaka 1959, akakubaliwa na maji, akazaa bila hesabu. Baba alimweleza yule mama habari hiyo. Mama akatikisa kichwa: «Basi sambaza ni mkwe. Alikuja mgeni, leo ameijaza nyumba.» Hatukujua wakati ule alikuwa akisema nini.

Mbele yetu palikuwa na televisheni ndogo iliyofungwa kwa kamba juu ya mlango. Baharia mmoja aliiwasha, na abiria wakageuza shingo kama wanafunzi walimu wao anapoingia darasani. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha toka Tanzania. Michezo ya huko inapendwa sana kwetu kwa sababu haihitaji mkalimani. Twaicheka lugha yao ya pwani, kisha twacheka na wenyewe. Mtu akauliza kama King Majuto yumo. Jibu likawa hayumo, na penye viti pakatokea huzuni kidogo, kwani mzee yule wa Tanga alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, tarehe 8 Agosti 2018. Mwingine akamtaja Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012 naye akiwa kijana bado. Ni ajabu kuona watu wa Kalehe na Walungu wakiwasikitikia watu ambao hawakuwashika mkono hata siku moja.

«Ninyi mwalilia watu wa juzi,» baba akasema. «Mimi nawalilia Matamata na Pilipili.»

Vijana hawakuwajua, naye alifurahi sana kwamba hawakuwajua. Aliwaeleza kwamba katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alipiga sinema za kuchekesha huko Kasai. Waliocheza ndani yake walikuwa Wakongo, na marafiki wawili, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, hawakosi kuingia katika matata. Nami niliongeza, kwa vile mwalimu hawezi kunyamaza, kwamba hapa Bukavu penyewe Mapadri Weupe walikuwa na kazi yao ya sinema iliyoitwa Africa-Films, na kwamba sheria ya serikali ya Kibelgiji ya mwaka 1945 haikuwaruhusu Waafrika kuona sinema ila zilizokubaliwa na wakaguzi. Hakuna aliyenisikiliza. Walitaka hadithi ya baba.

«Tuliketi chini, mbele ya shuka jeupe,» baba akaendelea. «Nilikuwa na miaka tisa. Katekista alisimama kando akitueleza mambo kwa Kiswahili. Basi yule mnene akianguka majini, katekista hupaza sauti: Ndivyo waangukavyo wasiolipa zaka! Nikirudi nyumbani nilimhimiza baba yangu alipe, asije akaanguka.»

Yule mama alijifuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Nilimwona baba amenyooka kitini kama kijana, nami nilifurahi, kwa maana tangu kifo cha mama sikuwa nimemwona akisimulia kitu mbele ya wageni.

Lakini juu ya mlango mchezo uliendelea. Ulikuwa na bwana mmoja bahili, aliyefunga chakula sandukuni na kutembea na ufunguo shingoni. Mke wake akiomba chumvi, bwana huhesabu punje. Abiria walikuwa wakivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilitazama ziwa.

«Wanaume wa namna ile wapo!» yule mama akasema. «Marehemu mume wangu alikuwa mmoja. Miaka ishirini na minane niliomba sukari nyumbani mwangu kama mgeni. Tangu hapo nimeapa: katika ukoo wetu binti haolewi kabla sijauliza swali moja. Baba mkwe ana ufunguo wa kabati?»

«Mama,» baba akasema kwa sauti ya heshima, «anayeilinda sukari ndiye anayeinunua.»

«Na anayepika chai ni nani, Mzee?»

«Apikaye hupewa.»

«Hupewa! Mmesikia, ndugu zangu? Hupewa!»

Sasa meli nzima iligawanyika. Wanawake walikuwa upande wa machungwa, wanaume upande wa baba, isipokuwa baharia mmoja kijana aliyesema kwamba kwao mke ndiye ashikaye fedha zote, akazomewa na pande zote mbili. Na katikati ya makelele hayo niliuona mkono wa baba ukishuka polepole kiunoni, ukaufunika ufunguo kwa pindo la koti. Yule mama aliuona pia. Hakusema neno. Alimenya chungwa jingine, akampa.

Idjwi ilibaki nyuma, ikiwa ndefu na ya kijani, na baada ya hapo tukauona mlima wa Nyiragongo na moshi kileleni. Goma hupokea wageni kwa rangi nyeusi: kuta ni za mawe ya moto wa mlima, hata njia nyingine zimekaa juu ya moto uliopoa wa Januari 2002. Tuliagana bandarini bila kupeana mikono, kwa ajili ya Ebola. Tukapanda pikipiki, huku chukudu zilizopakiwa viazi na mbao zikitupita mteremkoni.

Kesho yake tulipokewa na wakwe. Wazee walikuwa wameketi kwa mpangilio, na bia haijafunguliwa. Mlango wa ndani ukafunguliwa ili aingie shangazi wa binti, ambaye bila yeye neno lolote halina nguvu. Akaingia na vikwembe vya maua ya manjano.

Baba alininong'oneza, «Nimekula machungwa ya mkwe kabla ya salamu.» Jasho lilimtoka. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa kumkalia mbali. Hapa tulikuwa tumegombana naye saa nne juu ya sukari, mbele ya abiria wote.

Yule mama aliwasalimu wote kama asiyetujua. Wazee wakasema maneno yao. Ilipofika zamu yake, alisimama. «Nina swali moja tu kwa Mzee. Ule ufunguo uko wapi leo?»

Mdogo wangu akanitazama. Hakuelewa, ila alijua tumepotea.

Baba alinyamaza muda. Kisha aliufungua ufunguo kiunoni, akauweka juu ya meza. Akasema kwamba vita vilipoingia Bukavu, Oktoba 1996, tulikimbilia kijijini. Tuliporudi nyumba ilikuwa imeporwa, hata milango. Lile kabati tu lilibaki, kwa kuwa lilikuwa zito na kufuli yake ilikataa. Ndani yake zilikuwamo karatasi zetu za ubatizo, shahada yangu ya shule, na picha ya pekee ya mama siku ya harusi. «Tangu siku ile,» akasema, «mkono wangu haujui kuuacha. Najua ni ujinga. Sukari imewekwa humo tu kwa kuwa kabati lina nafasi.»

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipokimbia, nami sikuwa nimewahi kuambiwa hayo. Nilidhani ni ubahili.

Shangazi akaketi. Alimrudishia ufunguo kwa mikono miwili, akasema binti atakwenda. Na kwa kuwa mtu aweza kudhani kwamba machozi hushusha bei, naeleza wazi kwamba hakupunguza ng'ombe hata mmoja. Kinyume chake, aliongeza mbuzi wa «machungwa yaliyoliwa melini».

Harusi ilifanyika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku chache baadaye, serikali ilipoamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe, watu wengi walishuka kwa meli hadi Bukavu. Shangazi alifika kwetu jioni na wajukuu wanne na bahasha moja ya karatasi. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Baba hakumpa pole ndefu. Alichukua bahasha ile, akafungua kabati, akaiweka kando ya zetu. Kisha akafunga, na ufunguo akautia mkononi mwa shangazi.

«Sukari iko chini kushoto,» akamwambia. «Mimi nanywa vijiko viwili.»

«Utapewa kimoja,» shangazi akajibu, akaenda kuwasha moto.