Masta ya London huchaguliwa kwenye orodha ya moduli

Kila mwaka ifikapo Agosti, dirisha la maombi ya ufadhili wa Chevening linapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na jamaa kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Karibu wote wana neno moja: "Dada, nataka kuja kusoma masta London." Nikiwauliza masta ya nini, wengi hujibu, "Yoyote, mradi London." Nawapenda na nawaombea wafike. Lakini hiyo "yoyote" inanitia hofu, maana nimeona watu wenye akili nyingi wakimaliza mwaka hapa na shahada isiyowafaa kwa kazi waliyoiacha nyumbani, na familia ilishauza kiwanja.

Mama mdogo huniambia mchagua jembe si mkulima: mtoto akipata nafasi aende, mengine atayajua mbele. Namheshimu mama mdogo, ila kwa hili namkatalia. Masta ya Uingereza haina hayo "mbele". Ikianza imeanza, na karibu kila jambo la maana limeshaamuliwa kabla hujapanda ndege.

Nyumbani tunachagua kwa kuuliza watu. Anayetaka uzamili pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Ardhi au Mzumbe, huwatafuta kwanza waliopita. Anaambiwa mwalimu fulani anasimamia vizuri, kozi fulani ina madarasa ya jioni, na ile nyingine mwajiri anaipenda. Anaongea na afisa utumishi kuhusu ruhusa ya masomo, anaongea na familia kuhusu ada, basi. Prospektasi anaisoma akishadahiliwa. Wala si uzembe, kwa sababu taarifa za watu wanaokufahamu na kuifahamu kazi yako zina uzito, na masta yetu ina nafasi ya mtu kujipanga akiwa ndani. Kwa kawaida ni miezi 18 hadi miaka 2. Unaanza na masomo ya darasani, unaandika pendekezo la utafiti na kulitetea, unakwenda uwandani kukusanya data, ndipo unarudi kuandika tasnifu. Mada ya kwanza isiposhika, unatafuta nyingine. Wengi wanasoma huku wakiendelea na kazi na kulea watoto, bibi akiwa karibu kusaidia.

Mfumo huo una jeraha lake nao. Wapo waliomaliza masomo yote ya darasani, tasnifu ikawakalia miaka, msimamizi hapatikani, kazi za ofisini zimewameza. Nawafahamu, na najua wanavyoumia wanapoulizwa watamaliza lini.

London jeraha hilo halipo, kwa sababu muda wa kukwama haupo. Masta ya kufundishwa darasani ina krediti 180. Kwa kawaida 120 ni za moduli na 60 ni za tasnifu, na zote zinabanwa ndani ya miezi 12. Unafika Septemba, unatafuta chumba na kuhangaika kufungua akaunti ya benki, na Oktoba insha ya kwanza inadaiwa. Muhula wa kwanza unakwisha kabla ya Krismasi, wa pili unakwisha Machi, inafuata mitihani, kisha kiangazi kizima ni tasnifu. Mada unaanza kuulizwa hujazoea hata baridi. Mtu aliyekuja bila kujua anatafuta nini hutumia miezi minne ya kwanza kutambua kwamba yuko kwenye kozi isiyo yake, na kufikia hapo nusu ya mafundisho imepita.

Kwa hiyo huku prospektasi husomwa kwanza. Kilicho muhimu ndani yake ni orodha ya moduli: zipi za lazima, zipi za hiari, kila moja ina krediti ngapi, inapimwa kwa mtihani au kwa insha, na nani anaifundisha. Hivi karibuni niliipitia orodha hiyo kwa simu ya video na mdogo wangu, kijana wa mama mdogo. Yeye ni mpangaji miji, kasoma Ardhi, yuko Mwanza, na kwa miaka kadhaa amekuwa kwenye kazi za urasimishaji wa makazi: kupima viwanja milimani ambako nyumba zilitangulia ramani. Wakala alikuwa amempendekezea kozi ya mipango miji katika chuo kimoja cha hapa London, yenye picha nzuri na jina linalovutia. Tulipofungua moduli za lazima, karibu nusu zilihusu sheria na taratibu za mipango za Uingereza: namna halmashauri za huku zinavyotoa vibali vya ujenzi, namna rufaa zinavyosikilizwa. Ni elimu nzuri kwa anayetaka kufanya kazi hiyo Uingereza. Yeye anataka kurudi kwenye milima ya Mabatini na Igogo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, kumbe jina la kozi ni moja lakini kazi ni mbili."

Tukaenda kutazama nyingine. UCL ina idara ya mipango ya maendeleo, maarufu kwa kifupi chake DPU, ambayo mafundisho yake yamejengwa juu ya miji ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. LSE ina masta inayoangalia ukuaji wa miji na maendeleo kwa jicho la jiografia, na nyingine ya usanifu wa jiji inayoendeshwa zaidi kwa kazi za studio. Zote ziko London, zote zinahusu miji, na mtu anayetoka kwenye moja atakuwa mtaalamu tofauti kabisa na anayetoka kwenye nyingine. Wakala hakumtajia hata moja kati ya hizo. Na hili ndugu zangu walijue: mawakala wengi wanaokuhudumia bure hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Vyuo visivyowalipa hawana sababu ya kuvitaja.

Nyumbani, ukishapata nafasi, ada ni jambo la ukoo. Mjomba anatoa hiki, shangazi anatoa kile, kikundi cha familia kinachangishana, na karani wa chuo hajali hela imetoka mfuko gani. Uhamiaji wa Uingereza unajali sana. Tangu Novemba 2025, anayekuja kusoma London anatakiwa aonyeshe pauni 1,529 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi 9, mbali na ada ambayo hajalipa. Hizo ni pauni 13,761, zaidi ya shilingi milioni 40 za Tanzania, na lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti yenyewe iwe yako au ya mzazi wako au mlezi wako wa kisheria.  Taarifa ya benki ya mjomba haipokelewi, hata kama ndiye aliyekulea tangu darasa la kwanza lakini hana karatasi ya mahakama. Mjomba anayetaka kusaidia aziingize kwenye akaunti yako mapema, zianze kuhesabiwa humo. Nje ya London kiwango ni pauni 1,171 kwa mwezi. Tofauti hiyo peke yake, kwa miezi 9, inapita pauni 3,000, na bado hujagusa kodi halisi ya chumba, ambayo London ina ukali wake. Ada nazo, kwa mwanafunzi wa kimataifa, mara nyingi huanzia pauni 20,000, na kwenye vyuo vikubwa hupita 30,000.

Wengi hujipa moyo kwamba watafanya kazi. Viza inaruhusu saa 20 kwa wiki katika kipindi cha masomo. Wasichoambiwa ni kwamba kwa mwanafunzi wa masta kiangazi ni kipindi cha masomo vilevile, kwa sababu anaandika tasnifu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akifunga chuo Juni anaweza kufanya kazi saa zote; wewe wa masta unabaki na zako 20. Anayepanga kulipa deni la ada kwa kazi za kiangazi apange upya.

Kwa akina mama na akina baba wenye watoto wadogo, uchaguzi wa kozi umekuwa mgumu zaidi. Kwa kozi zilizoanza tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya kufundishwa haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto. Ruhusa imebaki kwa wa uzamivu na wa shahada za utafiti, pamoja na baadhi ya wenye ufadhili wa serikali. Rafiki yangu mmoja, muuguzi, alifikia mahali pa kuchagua kati ya mwaka wa London na mwaka wa kunyonyesha. Akabaki na mwanawe, na akasoma masta ya afya ya umma nyumbani, jioni baada ya zamu. Uamuzi wake ulikuwa wa busara kuliko wa wengi waliokuja, na naumia nikisikia watu wakisema eti "alikosa" London.

Sisemi jiji halina maana. Zipo kozi ambazo London yenyewe ni nusu ya masomo. Anayesoma historia ya ukoloni anaweza kupanda treni hadi Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, akaagiza majalada ya wizara ya makoloni kuhusu Tanganyika, mfululizo unaoitwa CO 691, akaletewa mezani bila kulipa senti. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chuo cha SOAS kuna maktaba ya Senate House, maktaba ya taifa pale St Pancras, na Wellcome kwa mambo ya tiba. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, gharama ya London inajilipa. Ila hata yeye aangalie mada yake imelala wapi. Akichunguza Maji Maji, majalada ya Wajerumani yako Upanga, Dar es Salaam, kwenye nyaraka za taifa za Tanzania, na mengine Berlin. London ina kidogo.

Zipo pia fani ambazo London inakuja kwetu. Shule ya usafi na tiba ya kitropiki ya London, LSHTM, iliyoanzishwa 1899, ina stashahada ya tiba ya kitropiki ambayo tangu 2011 imekuwa ikifundishwa pia Moshi na Kampala kwa kushirikiana na vyuo vya huko, kwa sababu wagonjwa wenyewe wako huko. Chuo hicho kina pia masta za masafa, unasoma ukiwa Morogoro. Daktari kijana anayetaka kuijua malaria aulize maswali mengi kabla ya kuondoka karibu na Ifakara, kwenye kituo cha utafiti wa malaria, kwenda kuisomea mahali isipokuwepo. Na katika historia, Walter Rodney alipata uzamivu wake SOAS mwaka 1966, akaja Dar es Salaam kufundisha. Kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na wachapishaji wawili kwa pamoja, mmoja wa London na mwingine wa Dar es Salaam. Kuna wakati anayetafuta mjadala mkali wa historia ya Afrika alifuata Mlimani.

Jambo la mwisho ninalowasisitizia ni kuuliza nyumbani kwanza shahada itapokelewaje. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada za nje mtu anaporudi. Bodi za kitaaluma zina masharti yake mbali na TCU. Mwanasheria akirudi na LLM ya London hatakuwa wakili kwa hiyo LLM. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo inamsubiri palepale. Maswali hayo yaulizwe ukiwa bado unaweza kubadili kozi.

Mdogo wangu sasa anajaza fomu ya Chevening, inayotaka kozi tatu, angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka 2. Nilimshauri awaandikie wakuu wa kozi, kwa barua pepe fupi yenye swali moja: moduli ya ardhi na makazi yasiyo rasmi itafundishwa mwaka ujao? Aliona haya mwanzoni, kwa kuwa nyumbani huwezi tu kumwandikia profesa asiyekujua. Wawili wamejibu ndani ya wiki. Mmoja amesema itafundishwa na amemtumia orodha ya vitabu. Wa pili amesema mwalimu wa moduli hiyo atakuwa likizo ya utafiti, haitakuwepo. Kozi hiyo, iliyokuwa kipenzi chake, ameitoa kwenye fomu. Mahali pake ameweka moja ya Manchester, na jana usiku alikuwa akinitumia moduli zake moja baada ya nyingine.